Vidole vya Fundi Cherehani

Nesi alishachoka kusema. Siku fundi cherehani alipoanza dawa za ukoma, alimkalisha kwenye benchi hili hili akamwambia: mabaka yakiiva na kuvimba, kiwiko kikiuma au kidole kikilegea, acha shughuli zote uje siku hiyo hiyo. Fundi akaitikia ndiyo, ndiyo, ile ndiyo anayowapa wateja wanaotaka nguo kesho.

Amekuja siku ya tisa tangu uvimbe uanze. Shavu limevimba, jekundu, na nyuma yake mkewe kanuna.

"Dawa nimeziacha, sista," fundi akasema. "Zinanivimbisha."

"Nani kakwambia?"

"Jirani."

"Jirani yako daktari?"

"Anauza mkaa," mke akadakia.

Nesi akashusha pumzi. Akaanza upya: dawa inaua vijidudu, ila mwili unaendelea kupigana na mabaki yao, na ugomvi huo unaumiza neva zile zile zinazokushikisha mkasi. Akamgusa kiwiko, fundi akaruka. Akampa karatasi aibane kati ya kidole kidogo na cha pete, kisha akaivuta. Ikatoka bila ubishi.

"Karatasi yako inateleza," fundi akasema.

Akatoa kipande chake mwenyewe cha kitambaa mfukoni, akakibana vidoleni. Nesi akakivuta, nacho kikatoka. Akajaribu tena, na tena, jasho likimtoka.

"Juzi sindano imemwingia hapo, hata hakusikia," mke akasema. "Damu inatoka, yeye anajisifu kwa wateja kwamba amekuwa chuma."

Nesi akafumba macho. "Si chuma, baba. Neva inakufa."

Hapo utani ukamwisha fundi. "Vidole vitarudi?"

"Ungewahi ningekujibu vizuri. Sasa nafasi ipo, ahadi sina. Mkono upumzike. Vidonge hivi ni vya kutuliza uvimbe, vinane kila asubuhi ukishakula. Njoo kila wiki mbili. Nitavipunguza mimi, si wewe, wala si muuza mkaa. Na zile za ukoma unaendelea nazo leo."

"Nikipata nafuu, je, naweza kuviacha..."

"Mama," nesi akamgeukia mke, "sasa naongea na wewe."

Mke akaitia pakiti kwenye pochi, akavuta zipu. "Cherehani nimeshaifunga. Ufunguo ninao mimi mpaka wewe useme."

Fundi akafungua kinywa kubisha. Akautazama mkono wake mezani, kidole kidogo kimejikunja chenyewe, akafunga kinywa.