Kobe wa Pili na Wakwe wa Iringa

Mke wangu amenikataza kuisimulia habari hii, na mimi mwenyewe kwa miaka kadhaa niliikana hata mbele ya watu walioiona kwa macho yao, lakini kwa kuwa inasimuliwa Iyunga nzima na kila msimuliaji anaongeza lake (mmoja anasema kobe walikuwa watano), naona afadhali niiseme mwenyewe, kwa utaratibu, aibu yake yote ikiwemo.

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa karani wa mizani katika ghala moja la kahawa hapa Mbeya. Shule nilisoma miaka minne tu, mengine nilijifunza kwa vitabu vya kuazima, na labda ndiyo maana nilipenda kila jambo liwe na mpango. Nilikuwa na kobe mmoja niliyemwokota njiani, na kila Jumamosi nilimpima uzito na kuandika katika daftari. Majirani walidhani ni uganga. Mimi nilitaka tu kujua kobe anakuaje.

Basi nikaona kwamba ni mpweke. (Nilijuaje? Alikuwa akikaa kutwa anatazama ukuta. Siku hizi najua kobe wote hutazama ukuta.) Nikamwomba dereva mmoja wa lori aliyekuwa akipita Ruaha Mbuyuni aniletee mwenzake, akaniletea, mkubwa kuliko wangu, mwenye madoa meusi mgongoni. Kitabu changu kilisema kobe mgeni atengwe kwanza wiki kadhaa, kwa hiyo nikamtenga katika kasha barazani. Mpango ulikuwa mzuri. Kilichouvunja ni posa.

Binti yetu Atupele alikuwa amepata mchumba, mwalimu kijana wa Iringa, na alimtaka kweli, hata kula alikuwa hali vizuri kwa kungoja. Wakwe walileta habari kwamba watafika Jumamosi asubuhi, siku ya nne tu tangu kobe wa pili aingie kwetu.

"Baba Atupele," mke wangu akasema asubuhi hiyo, "hilo kasha lako hapo barazani, wakwe wapite wapi?"

"Nitaliondoa."

"Na hao wadudu wako wasionekane. Watasema wanaoa kwa mganga."

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa dogo: niliwaweka kobe wote wawili pamoja katika stoo iliyo ubavuni mwa sebule, nikaegemeza ubao mlangoni, nikajiambia ni muda wa saa mbili tu, watalala.

Asiyetujua sisi Wanyakyusa aelewe kwamba mkwe kwetu tunamheshimu mpaka tunamwogopa. Mbele yake hutaji mambo ya mwili, hutaji kitanda, hata kucheka unapima. Wageni walikuwa watatu: mshenga wao Mzee Kikoti, mtu mrefu mwenye kofia mkononi; baba mkubwa wa kijana; na shangazi yake, mama mnene mchangamfu. Wakatuamkia kwa "Kamwene" ya kwao, tukaitikia, tukaketi, Atupele akiwa chumbani kama desturi inavyotaka. Mzee Kikoti akakohoa kidogo, akaanza, "Wazee wetu, tumesikia humu ndani kuna jiko..."

Ko! Ko! Ko!

Akanyamaza. "Mkwe, kuna mtu mlangoni."

"Karibu!" nikasema. Hakuna aliyeingia. Nikaenda kufungua: baraza tupu, njia tupu. Nikarudi, akaanza upya, na alipofika kwenye jiko, ko! ko! ko! Nikaenda tena. Tupu. Nawaambia kweli, sikuwafikiria kobe kabisa, kwa maana siku zote nilizokaa na yule wa kwanza hakuwahi kugonga kitu chochote.

"Si huko nje," baba mkubwa akasema, akionyesha stoo kwa kidevu. "Ni humo. Au kuna wageni wengine waliotutangulia?"

Nikamwelewa. Alidhani tumeficha ujumbe mwingine wa posa. Kabla sijajibu, ikatoka humo stoo sauti nzito, "Aaah... aaah...", kama ya mzee anayebeba gunia. Nilishtuka kuliko wao. Kitabu kilisema kobe hana sauti. Nikawaza: mwizi? Mlevi? Aliingiaje? Na wakati bado nawaza, mdomo wangu ukasema peke yake:

"Ni baba yangu mdogo. Ametoka Tukuyu. Anaumwa kiuno."

Mke wangu akanitazama kama mtu asiyenijua.

"Ooo, pole sana!" Mzee Kikoti akainuka. "Hatuwezi kuendelea bila kumpa pole mgonjwa."

"Amelala, mzee."

"Mtu anayelia hivyo amelala?"

Wakaenda wote watatu, wakainama mbele ya ule ubao. "Kamwene, baba." "Aaah," akajibiwa. "Kiuno vipi?" "Aaah." Mzee Kikoti akatikisa kichwa kwa huruma, akasema tuombe, tukafumba macho, na alikuwa ameshafika mahali pa kuomba mzee wetu huyu atiwe nguvu viungo vyote, ubao ulipoanguka.

Kobe wangu alikuwa amempanda yule kobe mgeni mgongoni. Anaendelea. Mdomo wazi, "Aaah", na kwa kila sauti anamgongesha mwenzake kwenye mwimo wa mlango, ko! Mbele ya wakwe. Majirani, waliovutwa na zile sauti, walikuwa wameshajaa dirishani.

Shangazi ndiye aliyesema wa kwanza. "Kumbe huyu ndiye baba mdogo? Mbona kiuno kimepona!"

Dirishani wakaangua kicheko, mke wangu akajifunika kanga usoni, nami nikabaki nimesimama, nikijiuliza (nisamehewe) kama basi yule wa kwanza ni dume, maana daftarini nilimwandika jike.

Mzee Kikoti hakucheka. "Mkwe, kobe si neno. Lakini umetuombesha kwa ajili ya mgonjwa asiyekuwepo. Na hayo utakayotuambia juu ya binti, tutajuaje kama yapo?"

Akavaa kofia yake. Wakaondoka bila kunywa hata chai.

Atupele hakusema nami mwezi mzima; alikuwa akiniwekea chakula na kuondoka. Mwishowe nilipanda basi hadi Iringa kuomba radhi, nikaeleza yote tangu kasha la barazani, wakanisikiliza mpaka mwisho, na jibu lao lilikuwa kwamba watarudi, ila siku hiyo baba wa binti asiseme neno. Wakarudi. Shemeji yangu ndiye aliyemwelezea mwanangu, jinsi alivyo mpole na mchapakazi, nami nimekaa pembeni ndani ya nyumba yangu nimenyamaza kama mgeni. Hiyo iliniuma kuliko kicheko cha majirani.

Siku ya kuondoka kwenda kwa mumewe Iringa, Atupele aliniaga akasema, "Baba, ukija kututembelea, uje peke yako."

Kobe wa pili nilimrudisha kwa yule dereva, na sitaongeza mwingine maisha yangu yote. Iringa nilikwenda peke yangu. Nilikuwa nimeapa kutosema uongo tena mbele ya wakwe wale, na shangazi aliponiuliza kama ugali umenitosha, nikasema hapana.