Yatima wa Kwenye DVD

Ile tamthilia ya majasusi mimi na mama tuliitazama kwa DVD za kukodi pale Nguvumali, zile zilizotafsiriwa, ambazo mtafsiri anaongea juu ya sauti za waigizaji na kuchomekea maneno yake mwenyewe. Kwa mdomo wake, jasusi mkuu alikuwa yatima anayemsaka muuaji wa mama yake. Mama alimlilia tangu sizoni ya kwanza.

Mwaka huu dada yangu aliniletea kutoka Mombasa kitabu cha tamthilia hiyo, chenye picha na historia ya kila mhusika. Nilikisoma kwa pupa, kisha nikatamani kumzaba mtafsiri kofi. Kumbe mama wa jasusi yu hai, anaishi kijijini peke yake, na mwanawe hana habari naye. Uyatima wote ulitungwa na mtafsiri.

Nikamsomea mama, nikidhani ataudhika kama mimi. Alisikiliza huku akikuna nazi.

“Kwa hiyo mama anaye,” akasema, “na haendi kumwona.”

Akakung'uta mbuzi.

“Huyo wa kitabuni simtaki. Niwekee yule anayemlilia mama yake.”