Ukuta wa Joto, Upande wa Ziwa

Watu wanaodhani kwetu kuna joto mwaka mzima hawajalala Nchelenge mwezi wa sita. Upepo wa msimu ule hautoki ziwani. Unatoka bara, unashuka juu ya mashamba ya mihogo yaliyokauka, unapita chini ya milango, na ukifika ufukweni unaingia majini kana kwamba nao unatafuta mahali pa kujifunika.

Mimi niliujua upepo huo nikiwa mke mgeni, katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa nimevuka ziwa Mweru kuja Zambia kutoka upande wa Kongo, ambao siku hizo tuliuita Zaire, nikiwa na sanduku la nguo, sufuria za mama yangu na Kiswahili changu cha Katanga. Kibemba changu kilitosha kusalimia tu. Mume wangu alikuwa fundi wa mitumbwi ya mbao. Ziwa lilikuwa na samaki, kila mwenye nyavu alitaka mtumbwi mpya, na kazi ile ndiyo iliyotupatia nyumba ya matofali ya kuchoma yenye paa la mabati, ya kwanza katika safu yetu. Aliijenga mwenyewe. Kona zake hazikunyooka sana, kwa sababu mkono wake ulizoea kupinda mbao, lakini tuliipenda.

Aliijenga kwa ajili ya mama yake. Mama mkwe wangu, ambaye nilimwita Bamayo, yaani mama, kama walivyomwita watu wote, alikuwa ameishi miaka mingi katika nyumba ya nyasi, moto ukiwaka katikati na moshi ukijipenyeza polepole kwenye paa. Kifua kilimsumbua. Mume wangu alitaka kumtoa katika moshi ule. Kiswahili cha Bamayo kilikuwa cha sokoni, alichojifunza akibadilishana samaki kwa chumvi na vitenge na wafanyabiashara wa kwetu. Asubuhi hakuniuliza kama nimelala vizuri. Aliniuliza kama usingizi ulikuwa mzigo mzima au nusu mzigo.

Wakati wa mvua aliifurahia nyumba. Baridi ilipoingia, jioni moja nilimwona akikunja mkeka wake, akauweka kichwani na kuvuka ua kurudi katika jiko la zamani la nyasi. Mume wangu alikuwa mlangoni na randa mkononi.

"Bamayo, hii nyumba nilijenga ju yenu," akamwambia.

Wao wawili walizoea kuzungumza Kibemba, lakini siku ile walitumia Kiswahili ili nami nisikie, na nadhani ilikuwa heshima.

"Ni muzuri, mwana wandi," Bamayo akajibu. "Kwa kuangalia, ni muzuri sana. Lakini kulala ndani ni kama kulala mu tumbo ya samaki."

Akaingia jikoni kwake. Mume wangu alibaki pale mlangoni akilitazama lile randa kana kwamba hakumbuki lilikuwa la kazi gani.

Mimi nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, na wanawake walionishika tumbo walikubaliana kwamba mtoto angekuja baridi ikiwa bado kali. Kwa hiyo swali halikuwa la Bamayo peke yake. Tungeitiaje joto nyumba ile?

Mume wangu alikuwa na jibu. Alikuwa ameziona nyumba za maofisa kule boma, zenye bomba la moshi linalochomoza juu ya paa. Yeye aliliita chimni, mimi niliita shemine, na tulibishana nusu siku kabla ya kugundua kwamba tunasema kitu kimoja. Alichukua pipa la mafuta, akalikata mlango, akakunja bati kuwa bomba na kulipitisha ukutani. Aliliweka upande wa mbele, unaotazama barabara, kwa sababu alitaka wapita njia walione.

Jumapili baada ya ibada akaalika watu. Mzee mmoja wa kanisa aliombwa aubariki moto. Alikuwa mtu wa sala ndefu, na alifumba macho kweli kweli. Alipoanza, kuni zilikuwa zinalia vizuri ndani ya pipa. Alipofika kwa wagonjwa na wasafiri, upepo wa bara ulikuwa umeliona bomba letu, ukaingia kwa nje na kuurudisha moshi wote chumbani. Nilisikia kikohozi kimoja, halafu kingine. Mzee aliposema amina na kufumbua macho, hakuona mtu.

"Ndugu zangu mmeenda wapi?" akauliza.

"Tuko hapa, mukwai!" sauti zikamjibu kutoka kila upande, na papo hapo watu wakakimbilia mlangoni, wakigongana, wanalia machozi na kucheka. Bamayo alitoka wa mwisho, akimshika mzee mkono. Alikaa juu ya mtumbwi uliokuwa haujakamilika, akafuta macho kwa kitenge, akacheka mpaka tukaogopa kifua chake. Mume wangu naye alicheka, lakini baadaye kuliko wengine.

Pipa likaenda kuchemshia lami ya mitumbwi. Tukajaribu mbaula, lile jiko dogo la makaa ambalo kwetu Katanga tunaliita babula. Majirani wengi waliingiza lao chumbani moto ukishakuwa mwekundu. Joto lake lilikuwa tamu, siwezi kusema uongo, lakini kila nilipokaa nalo kichwa kilinigonga na miguu ikalegea. Nilipokwenda kliniki, mkunga aliniuliza chumba kina nini. Nikamwambia.

"Dirisha liko wazi?"

"Nikifungua, joto inatoka yote."

"Na ukifunga, kile kinachotoka kwenye makaa kinabaki na wewe, na mtoto anakivuta pamoja nawe. Usiku unalala, huamki. Toa mbaula nje, mama."

Niliitoa siku ileile. Mume wangu akasema basi, tutanunua mablanketi, na Bamayo akaendelea kulala jikoni.

Jambo lililofuata hakulipanga mtu. Bamayo alikuwa akibanika samaki kila alasiri kwa ajili ya wachuuzi waliowapeleka bara kwa baiskeli. Kichanja chake kilikuwa uani, lakini wiki ile upepo ulikuwa ukimwagia majivu juu ya makobo, samaki wake wa ziwa lile, kwa hiyo alihamia nyuma ya nyumba, upande wa ziwa, ambako nyumba yenyewe ilimkinga. Alipanga mawe machache yakigusa ukuta, akawasha moto wa taratibu, akafunika kwa mabati chakavu.

Mimi nilikuwa nimejilaza chumbani, mgongo unaniuma. Nikaegemea ukuta kama nilivyozoea, nikijiandaa kuruka kwa baridi. Sikuruka. Matofali yalikuwa na joto. Halikuwa joto la moto bali kama la mtu aliyekaa karibu yako kwa muda mrefu. Niliweka kiganja, kisha shavu, kisha nikapandisha blauzi na kuweka mgongo mzima. Mtoto tumboni, ambaye kutwa nzima alikuwa akipiga mateke, akatulia.

"Bamayo!" nikaita kupitia dirishani. "Kujeni muone!"

Alikuja mbio, akidhani uchungu umenishika. Nilimvuta mkono na kuubandika ukutani. Akauacha pale. Akauhamisha juu, akauhamisha chini, akanusa hewa ya chumba kama anavyonusa samaki wa jana. Hapakuwa na moshi hata kidogo.

"Moto iko inje," akasema polepole. "Joto iko ndani."

Akaketi kitandani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaegemeza mgongo wake kando ya wangu. Mume wangu aliporudi alitukuta hivyo, wanawake wawili tumenyoosha miguu kama watoto, samaki wanaungua nje na hakuna anayejali.

Jioni ile tulikula samaki wenye ngozi nyeusi na kufanya mkutano. Mume wangu, nadhani kwa ajili ya bomba lake, alikuwa na mashaka mengi. Ukuta utapasuka. Nguo zitanuka. Upepo ukigeuka, je? Bamayo alijibu kwamba upepo wa baridi haugeuki. Wa mvua ndio unaogeuka, na wakati wa mvua hatutahitaji moto. Kuhusu ukuta, alisema aliyeujenga ndiye anayejua kama ni imara, na hapo mume wangu akaacha kuutaja ukuta. Ilibaki harufu. Walibishana juu yake kwa Kibemba, haraka, na mimi nikaendelea kuondoa mifupa kwenye sahani nikingoja wamalize. Halafu nikaona wote wawili wananitazama.

"Weye njo utalala mule na mutoto," Bamayo akasema. "Sema weye. Tufanye ao tuache?"

Tangu nifike ng'ambo ile nilikuwa nimeulizwa mengi: kama nimeshiba, kama nimezoea, kama kwetu wanapika hivi. Sikuwa nimewahi kuulizwa jambo la nyumba liweje. Nilitaka kujibu kwa utulivu, kama mwanamke mzima, lakini nilichosema ni, "Tufanye! Hata kesho! Nikinuka samaki, si hata bwana yangu ananuka lami?"

Bamayo alipiga makofi. Mume wangu alijinusa mkono, akakubali kwamba ni kweli.

Alijenga tanuri dogo la matofali, refu na la chini kama mtumbwi uliofunikwa, limeshikana na ukuta wa nyuma, kuanzia kitanda chetu hadi chumba cha Bamayo. Mdomo wake ulikuwa pembeni, na juu paliachwa nafasi ya kichanja. Nafasi zote kati ya ukuta na paa aliziba kwa udongo, ili moshi usipate njia. Safari hii hakualika watu wala hakumwita mzee wa kanisa. Bamayo aliwasha moto alasiri, akabanika samaki wake kama kawaida, na jua lilipokaribia kuzama ukuta ulikuwa tayari. Kabla ya kulala aliondoa samaki, akaacha makaa yajifie yenyewe, na matofali yakaendelea kutoa yalichokunywa hadi karibu na alfajiri. Bamayo alirudisha mkeka wake ndani. Nilimsikia tu chumba cha pili akiuburuta, akiusogeza mpaka ulipogusa ule ukuta.

Binti yangu alizaliwa kliniki, mchana, katika wiki ya upepo mkali. Tulimleta nyumbani amefungwa kama mzigo wa chumvi, na Bamayo akamwogesha mbele ya ukuta ule akiwa uchi kabisa, bila haraka, akimgeuza huku na huku. Mtoto hakutetemeka. Alinyoosha vidole vya miguu na kupiga miayo. Kwa miezi kadhaa alinuka samaki wa kubanika, na mume wangu alisema kwamba akipotea sokoni watatuletea wakidhani ameanguka kutoka kwenye baiskeli ya mchuuzi.

Habari ilienea kwa wanawake, kama habari zote. Walikuja kumwona mtoto, lakini niliona mikono yao ikienda ukutani kwanza. Bamayo akawa mtu wa kuulizwa. Hakumwambia yeyote tu ajenge. Alichukua kijiti kinachofuka moshi na kuizunguka nyumba ya aliyemwita, polepole, akitazama moshi unakwenda wapi. Kisha aliingia ndani kuona kitanda kiko wapi, akagonga ukuta kusikia kama ni tofali au ni miti iliyokandikwa udongo, kwa sababu ule wa miti ungeweza kushika moto. Wengine aliwaambia wajenge, na wengine aliwakatalia palepale.

Jirani yetu wa nyumba ya tatu alikuwa na mapacha wachanga. Nyumba yake ilikuwa ya matofali, kubwa kuliko yetu, lakini chumba cha kulala kilitazama bara, na upande wa ziwa alikuwa na duka. Bamayo alizunguka na kijiti chake. Moshi ukapanda ukutani na kuingia wote chini ya paa.

"Nyumba yako imekataa," Bamayo akamwambia.

Mwanamke yule alikuwa hajalala siku nyingi. Uso ulimvunjika. Bamayo akatupa kijiti, akamtazama kidogo.

"Nyumba imekataa, batoto hawakukataa. Balete kwetu."

Basi wakaja, yeye na mapacha na mito yao, na mume wake akaleta mzigo wa kuni na kwenda zake ameridhika. Mume wangu alihamishiwa sebuleni, miongoni mwa mbao zake. Kila jioni katika siku zile za baridi tulikaa wanawake watatu safu moja, migongo ukutani, kila mmoja na mtoto mapajani, tukizungumza Kibemba na Kiswahili vikiwa vimechanganyika kiasi kwamba sikujua tena ni lugha ipi ninayoisema. Mume wangu ndiye aliyekuwa nje akichochea. Tulimsikia akikohoa na kupiga mluzi, akisogeza kuni.

"Joto imefika?" akauliza jioni moja kwa sauti kutoka upande wa pili.

Bamayo akagonga ukuta kwa ngumi kumjibu kwamba imefika. Mapacha wakashtuka wote pamoja, wakafungua midomo kulia, kisha kwa sababu isiyojulikana wakabadili mawazo na kulala, na sisi tukazibana vinywa kwa vitenge tusiwaamshe kwa kucheka.