Mgonjwa Asiyetulia

Faili za wodi ya wazazi ziliandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha Sista Mkubwa kilikuwa cha kazini tu, kifupi na kilichonyooka. Katika miaka ishirini na sita ya kuzalisha, neno aliloliheshimu kuliko yote lilikuwa "uneasy". Wanafunzi wakimwuliza maana yake, aliwajibu, "Si maumivu, si homa, wala si woga wa kawaida. Ni mtu aliyekosa pa kuuweka mwili wake. Ukishaliandika, usiende kunywa chai."

Mwanamke wa kitanda cha nne alijifungua salama saa sita mchana. Kufika saa nane alikuwa akivutavuta shuka, mara alale ubavu huu, mara ule, huku akimsukuma mama mkwe wake aliyekuwa akimpepea.

"Sista, sijui nina nini. Situlii tu."

Sista akaandika neno lake, akamwita daktari wa zamu, mgeni wa miezi miwili. Daktari akasoma, akapima presha, akaikuta sawa.

"Sista, hili si jina la ugonjwa. Kila aliyelazwa hapa hana raha. Nipe vipimo, usinipe hisia." Akalikata neno kwa kalamu, akaenda zake.

Hasira zilimpanda Sista. Hisia! Wenzake wangeandika "maumivu makali" ili daktari arudi mbio, lakini yeye hakuwahi kudanganya kwenye faili na hakuwa tayari kuanza kwa ajili ya huyu. Akapima mapigo ya moyo: tisini na sita. Baada ya dakika tano, mia na nne. Kisha mia na kumi na nane. Akamwachia mwenzake wodi, akaingia chumba cha mkutano bila kubisha hodi, akamkabili daktari bingwa mbele ya wakubwa wote.

"Nina mzazi hatulii. Njoo umwone sasa hivi. Nikiwa nimekosea, kesho nifukuze."

Bingwa akainuka, akamfuata wodini. Saa tisa mgonjwa alikuwa chumba cha upasuaji, tumbo limejaa damu ambayo nje haikutoka hata tone. Aliponea chupuchupu.

Jioni, daktari wa zamu alimkuta Sista akinawa mikono.

"Yameisha, Sista. Siku nyingine niambie tu kwamba anatoka damu, nitakuelewa haraka."

Sista hakugeuka. "Damu ikishaonekana nitamwita mwosha sakafu. Daktari ninamwita kabla."