Mita Elfu Moja Mia Nne na Sitini

Sijawahi kuiona bahari, na ninafundisha watu kuivuka. Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize.

Aliyenifundisha alikuwa mzee mmoja wa Kituku, ufukoni mwa ziwa letu hapa Goma. Alifanya kazi kwenye meli za baharini miaka mingi, akarudi Goma na sekstanti, kile chombo cha kupimia jua na nyota, pamoja na dharau ya kutosha mtaa mzima. Tulikuwa wanane. Darasa lilikuwa ghala la wauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, na mpaka leo nikisikia harufu ya sambaza wabichi nakumbuka matusi. Kila mwaka shule moja ya mabaharia kule pwani ilipokea mwanafunzi mmoja kwa barua ya mzee huyo. Barua hiyo niliitaka kuliko kuolewa.

Desemba ile alitupakia mtumbwini kila saa sita mchana. Unaangalia kwenye kioo, unateremsha jua hadi liguse mstari wa maji, unasoma pembe. Kisha unaipunguza pembe hiyo kwa ajili ya urefu wa jicho, maana aliye juu huuona mstari ule chini zaidi. Mzee alituandikisha mita elfu moja mia nne na sitini, kwa kuwa ndivyo Goma ilivyo juu ya bahari. Kila siku hesabu ya mahali tulipo ikatutupa kilomita mia na zaidi kaskazini, mbali kupita kijiji cha Kalengera, katikati ya mihogo ya watu.

"Hii mikono yenu ni ya jembe," alituambia. "Hapana ya bahari."

Wenzangu wakaacha mmoja mmoja, hata tukabaki wawili. Mimi nilibaki kwa ubishi tu. Siku moja niliandika mita mbili, kutoka jicho langu hadi maji ya ziwa, na jibu likaangukia Kituku, karibu na kiti chake mwenyewe.

"Muzee," nikamwambia, "jicho inaona maji ya ziwa. Bahari haiko hapa."

Hakupandisha hata sauti, ila namba yake ileile aliitaja kwa Kifaransa. "Andika mille quatre cent soixante, nasaini barua. Andika mbili, unarudia kwenu."

Niliandika mbili. Barua akampa yule mwenzangu, aliyeandika kama alivyoambiwa. Sijamsamehe, na kufa kwake hakukunisaidia. Mjane wake alinikabidhi sekstanti bila kunitazama usoni, na ile shule, kwa kukosa mwingine, ikakubali kupokea barua zangu.

Nikajiapiza kwamba barua yangu haitakwenda kwa bendera fuata upepo. Kwa hiyo kila darasa nililiandikisha ileile elfu moja mia nne na sitini, kwa makusudi, halafu nikangoja atakayebisha. Huyo ndiye angepanda meli. Wanaotii niliwaacha waangukie kwenye mihogo. Miaka mitatu hakubisha mtu, na miaka mitatu sikusaini barua. Niliwaita kondoo, na nakiri kwamba nilifurahi.

Mwaka huu akaja msichana wa Masisi anayekaa Mugunga, pembeni mwa mji, na mama yake. Alikuja kwa miguu, na bado mikono yake ilitulia kuliko yangu. Alipima jua siku tano, na siku tano hesabu ikamtupa kulekule. Siku ya sita alifuta kioo kwa ncha ya kitenge, akaifunga sekstanti sandukuni, akaniwekea mapajani.

"Mama, unisamehe. Naona hii mikono yangu ni ya jembe."

Neno hilo sikuwahi kumwambia. Hakuna mwanafunzi wangu niliyewahi kumwambia.

Nilimwacha aende. Kesho yake nilipanda pikipiki hadi Mugunga na karatasi ya barua mfukoni. Nilimkuta nje anachambua maharage. Nikamweleza yote: zile mita mbili, yule mzee, mtego wangu, na kwamba pembe zake zilikuwa safi kuliko zote nilizowahi kuona. Nikamwambia barua ni yake. Nilidhani atalia kwa furaha.

Alitoa jiwe kwenye maharage, akalitupa.

"Ule muzee yako alijua?"

"Hapana. Aliamini kabisa."

"Na weye?"

Niliichomoa karatasi mfukoni.

"Yeye alikosea," akasema. "Weye ulijua. Batu ngapi balirudia kwabo?"

Nilianza kuwahesabu kichwani wanafunzi niliowarudisha kwao, nikaacha. Nilitaka kumkaripia kwamba mimi ni mwalimu wake, kwamba hata mimi nilifanyiwa hivyo. Naye akafuta vumbi la maharage kwenye kitenge, akanyoosha mkono.

"Lete barua."

Nilisaini hapohapo, juu ya goti, naye amesimama mbele yangu. Alingoja wino ukauke, akaichukua, akaingia ndani bila kuniaga.