Shemeji Aliificha Git Kazi Yetu, Sasa Ninayelaumiwa Ni Mimi

Admin, naomba ufiche jina langu kabisa. Familia ya mume wangu wanafuata page hii, na wengine ndio huwa wa kwanza kuandika maoni.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, nimeolewa, tunaishi Vulamba hapa Butembo. Nilisomea elektroniki, na ninafanya kazi na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, anayeishi Beni. Karakana ni yake.

Tunatengeneza kadi za FPGA. Hiyo ni chipu ambayo unaandika kwenye kompyuta namna unavyotaka ifanye kazi, halafu programu inayapika yale maandishi na kutoa faili moja la kupakia kwenye kadi. Maandishi unaweza kuyarekebisha. Faili lililopikwa hulirekebishi, unalipakia tu. Jamani, hilo ndilo limeniliza.

Kazi yetu kubwa ni kadi inayotuliza umeme wa turbine ndogo ya maji upande wa Lubero. Mimi niliandika sehemu ya kupima umeme, shemeji akaandika sehemu ya kuamua umeme upunguzwe au uongezwe, na akaunganisha zote kwenye kompyuta yake. Hapa kwetu, kwa vita hivi, mtu anaamka kwake asubuhi, jioni yuko kwa watu na nguo alizovaa. Kwa hiyo nilimwomba tutumie Git, ghala linalotunza kazi mbali na mashine zetu na kukumbuka kila badiliko, pamoja na jina la aliyelifanya.

Alikubali, ila programu ile inachanganya maandishi na takataka zake zote katika folda moja, nzito ajabu. Siku ya kwanza kutuma, mega zake za intaneti zikaisha kabla hajamaliza. Alikasirika. Akaiambia Git iiruke folda yote, akawa anatuma lile faili lililopikwa tu, fichier anavyoliita. Nilipoona nikampigia simu.

“Shemeji, maandishi yako hayamo! Turuke takataka tu, maandishi hayana uzito.”

“Weye, mega unanilipia? Hii fichier njo kazi, kadi inatembea. Ile ingine yote ni buchafu. Na mimi njo mukubwa wa hii kazi, donc tunamaliza.”

Nilirudia kumwambia mpaka mume wangu akanikataza. Akasema mke hasumbuani na shemeji mkubwa. Haya, nikanyamaza, nikaendelea kutuma sehemu yangu.

Halafu shemeji alikuwa Mbau, upande wa Beni, siku risasi zilipolia. Watu walikimbia, naye akakimbia, mfuko wa kompyuta ukabaki kwenye pikipiki, na haukupatikana tena. Alipona, na nilimshukuru Mungu kwa machozi ya kweli. Hakuna anayemlaumu kwa kukimbia. Mimi namlaumu kwa ukaidi wa kabla ya hapo.

Sasa kamati ya Lubero, wenye ile turbine, wameleta mashine ya kusaga iliyo kubwa zaidi. Ikiwashwa umeme unarukaruka, taa za watu zinaungua, wamelazimika kufunga maji ya turbine. Ni kubadilisha mistari michache tu kwenye ile sehemu ya kuamua, na haipo popote duniani. Ghalani kuna sehemu yangu na mafaili yaliyopikwa, basi.

Kamati walipokuja kuuliza kwa mama mkwe, tulikokuwa wote, shemeji aliwajibu mbele ya wote: “Mambo ya kulinda kazi iko mu mikono ya muke wa ndugu yangu. Yeye njo alituletea ile Git. Kama kazi imepotea, mumuulize yeye.”

 Nikamtazama mume wangu, akatazama chini. Na mimi, mke wa mdogo wake, nimkatalie mbele ya wageni na mama yake? 

Nyumbani nikafoka. Nikafungua Git nikamwonyesha mume wangu jina la kaka yake mkubwa, Yaya anavyomwita, kwenye ule mstari wa kuruka folda. Akaniambia, “Ninajua, mama. Mais Yaya ni Yaya. Andika yote upya, pole pole, utasema uliipata. Batu batafurahi, itaisha.”

Ninaweza kuiandika upya, uwezo ninao. Lakini mafundi wa mji huu wote tunajuana. Nikishaitwa mwanamke anayepoteza kazi za watu, nani atanipa kadi yake tena?

Nilikuwa nimeamua kwenda Lubero mwenyewe, nieleze kamati ukweli kwa heshima. Jana mwanakamati mmoja akanipigia simu, sauti ya huruma: “Usijisumbue, mama. Bwana wako alikuja. Ametuombea pardon kwa ajili yako, tumekusamehe.”

Ameniombea msamaha kwa kosa la kaka yake. Leo amekaa mezani anakula, ananiuliza kwa nini sisemi.

Ndugu zangu, niende Lubero nifungue Git mbele yao, ndoa itikisike? Au niandike upya nikiwa nimeshasamehewa? Nishaurini, nifanye nini?