Nilikohoa wakati wa kura

Jamani, nimejifungia kwenye choo cha halmashauri na sitoki.

Leo kamati yetu ya madiwani ilikuwa inajadili sheria ndogo: ng'ombe akiingia kwenye mpunga wa mtu, mwenye ng'ombe anapigwa faini.

Mimi ni binti wa wakulima wa mpunga wa kijiji cha Mamba. Nimeolewa kwa wafugaji.

Baba mkwe alialikwa kutoa maoni. Akaipinga vikali, kisha akakaa nyuma yangu kabisa.

Mwenyekiti: "Wanaoafiki waseme ndiyo!"

Nikakohoa.

"Wasioafiki waseme siyo!"

Nikakohoa tena. (Nyie msinicheke.)

Sauti zikalingana.

"Mheshimiwa, hicho kikohozi ni ndiyo au siyo? Haya, tunyooshe mikono."

Mikono nayo ikalingana. Nimebaki mimi tu.

Nikamkumbuka mama. Juzi alisimama kwenye jaruba lake la mpunga lililoliwa lote, kimya, kwa sababu ng'ombe walikuwa wa wakwe zangu.

Nikanyoosha. Ndiyo. Ikapita.

Shida ni kwamba asubuhi nilikuja na gari la baba mkwe.

Sasa hivi anapiga honi hapo nje, ananiita kwa upole: "Mama Neema, toka twende nyumbani."

Upole huo ndio unanitisha.

Nyie mngepanda?